Safari ya Baridi Katika Andalusia

Ndugu zetu wakaao Ulaya wapendao kuifuata joto ya kusini wakati wa baridi, kwa gari la kulala, twawanasihi: ipangeni njia kwa Sala kabla ya kuipanga kwa maili.

Mwezi wa Desemba mchana wa Hispania ni mfupi. Huko Granada Alasiri huingia kabla ya saa 10, na jua huchwa karibu saa 12. Mwendo wa saa 3 au 4 kwa siku watosha. Shikeni pwani hadi Almería, kwani bara huwa na theluji.

Msafiri ana ruhusa ya kupunguza Sala; lakini kwa madhehebu ya Imamu Shafii, anuiaye kukaa mahali siku 4 kamili huitimiza.

Granada, mtaani Albaicín, salini katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Kisha nendeni Cordoba. Msikiti aliouanza Abdulrahman wa Kwanza mwaka 785 ni kanisa tangu 1236, wala Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Watoto watauliza: Kwa nini tuliupoteza? Wasimulieni habari yake kwa kweli; kisha tandikeni misala kando ya gari lenu, msali jamaa. Hiyo haijapotea.