Anayesoma Sheria Anajifunza Nini Hasa?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali linalozunguka majumbani hapa Ipuli ni moja: mtoto akasome nini? Kwa kijana anayejua kubishana, jibu huja haraka. "Huyu mdomo anao, akasomee uwakili." Kwa neno hilo baba hutoa fedha zake za tumbaku, mama huvunja kibubu, na ndugu huchangishana ili ada ipatikane. Ni sadaka kubwa. Kwa hiyo tunaona ni vyema tueleze masomo ya sheria yanakusudia nini, na kijana anatakiwa aweze kufanya nini akimaliza. Mafrateri nao wasikilize, maana kesho wataombwa ushauri huo mlangoni pa parokia.

Tuanze na njia yenyewe. Shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka mitatu au minne, kutegemea chuo. Humo mwanafunzi hupitia katiba, jinai, mikataba, ardhi, ndoa na mirathi, ushahidi, na taratibu za mahakama. Shahada hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Anayetaka uwakili huendelea na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mafunzo yake yana sehemu ya darasani na sehemu ya kukaa mahakamani na katika ofisi za wanasheria. Akifaulu, ndipo anapoweza kuomba kwa Jaji Mkuu aandikishwe katika orodha ya mawakili.

Wengi hukwama katika hatua hiyo ya pili. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya taasisi hiyo: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze sababu. Kulikuwa na lawama za kila upande: vyuo, taasisi yenyewe, lugha ya kufundishia, na wanafunzi. Sisi hatuko hapa kugawa lawama. Tunalosema ni kwamba wale wote 633 walikuwa tayari na shahada mkononi. Kuwa na shahada ni jambo moja, na kuwa na umahiri ambao shahada hiyo inatakiwa kuushuhudia ni jambo jingine.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya lengo na tokeo la kujifunza. Lengo ni lile ambalo mwalimu anakusudia. Tokeo ni lile ambalo mwanafunzi anaweza kulionyesha. Mhadhiri anaweza kumaliza kitabu kizima cha sheria ya ardhi, na bado mwanafunzi wake akashindwa kumwambia mjane aende baraza gani na abebe karatasi gani. Tuyaangalie basi matokeo manne ambayo masomo ya sheria yanatakiwa kuyazaa.

La kwanza: kusikiliza mpaka kuliona swali

Tuchukue mfano. Mama mmoja amefiwa na mumewe, aliyekuwa katekista. Shemeji zake wanasema kiwanja walichojenga ni mali ya ukoo, hivyo atoke. Mama anafika akilia, na hadithi yake inaanzia kwenye harusi, inapita kwenye ugomvi wa mkwe, inaishia kwenye msiba. Mwenye mdomo tu ataanza kumwambia, "Haki yako ipo, tutawashinda!" Aliyesoma sheria kweli atauliza. Ndoa ilifungwa lini, na cheti kipo? Kiwanja kilinunuliwa au kilirithiwa? Kimepimwa? Hati ya mauziano ina jina la nani? Je, kuna wosia? Msimamizi wa mirathi ameteuliwa?

Maswali hayo yana sababu. Kwa mfano, Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi pale inapotumika sheria ya kimila au ya Kiislamu. Je, marehemu aliyekuwa katekista aliishi kwa mila za ukoo wake, au maisha yake yote yaonyesha aliziacha akaishi kama Mkristo? Mahakama huangalia namna mtu alivyoishi na nia aliyokuwa nayo, haitazami kabila lake pekee. Asiyeuliza hilo mapema anaweza kumpeleka mama huyu katika mahakama isiyo yake, na miaka ikapotea.

Tunao mfano mzuri katika Biblia yetu, sura ya 13 ya Danieli. Wazee wawili walimsingizia Susana, na umati ukaamini kwa sababu walikuwa wazee wenye heshima. Danieli hakuwashinda kwa kupaza sauti. Aliwatenganisha, akamuuliza kila mmoja swali lilelile dogo: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Huko ndiko kudodosa mashahidi, na hadi leo wanafunzi wa sheria hufundishwa jambo hilohilo.

La pili: kusoma mpaka mwisho

Wengi wetu tumewahi kusikia kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika pale mali ya ndoa inapogawanywa. Ni kweli. Mahakama ya Rufani iliamua hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikitafsiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kupika, kulea, na kutunza nyumba ni mchango katika kuipata mali ya familia. Uamuzi huo umewafaa wanawake wengi tangu wakati huo.

Lakini asiyesoma hukumu mpaka mwisho hajui kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, na mahakama iliona kwamba alizitapanya. Rufaa yake ikatupwa. Kanuni ilisimama, naye akaondoka mikono mitupu.

Mwanafunzi wa sheria anatakiwa aweze kuyatenganisha haya mawili: kanuni ambayo mahakama imeiweka, na matokeo ya shauri lile kwa watu wale. Kisha aulize: mteja wangu anafanana na Bi Hawa katika lipi, na anatofautiana naye katika lipi? Anayekariri kichwa cha kesi ataahidi ushindi, lakini aliyesoma yote atamtahadharisha mteja wake.

La tatu: kupima sheria yenyewe

Tabora yetu ilikuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwingineko. Watu wa njia hiyo walilijua sana neno hongo. Lilikuwa malipo ambayo msafara uliyatoa kwa mtemi ili upite katika nchi yake. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa. Neno limeporomoka, na safari yake inatuachia swali zuri la darasani: ni nini kinachotofautisha ushuru wa halali na hongo?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia. Kwake, sheria ni agizo la akili, linalolenga manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana juu ya jumuiya, na likatangazwa. Pima kwa mizani hiyo. Malipo yanayojulikana na wote, yenye kiwango kilichowekwa, yanayoingia katika mfuko wa wote na kutolewa risiti, hayo ni ushuru. Malipo ambayo kiasi chake hutegemea sura ya mlipaji, na ambayo huishia mfukoni mwa mpokeaji, hayo ni hongo hata kama anayepokea amevaa sare.

Kwa hiyo masomo ya sheria hayaishii kwenye kujua sheria inasema nini. Yanamtaka mtu aweze kueleza kwa nini inasema hivyo, na kama inasema haki. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alipokea shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, wakati mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji aliipima mila hiyo kwa Katiba, akaona ni ubaguzi. Shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory linasomwa vyuoni hadi leo kwa sababu linaonyesha kwamba hata desturi ya siku nyingi hutakiwa kujibu swali.

La nne: kusema ili mtu aelewe, na kunyamaza inapobidi

Kwa miaka mingi wanasheria wetu walisoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiingereza, huku wateja wao wakiishi kwa Kiswahili. Mtu alishinda au kushindwa kesi yake bila kuielewa hukumu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mhitimu wa leo anatakiwa aweze kulieleza jambo gumu kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni atakielewa, bila kupotosha kitu. Ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mafrateri wanaoandaa mahubiri wanalijua hilo.

Kisha kuna kunyamaza. Anayoambiwa wakili na mteja wake kikazi ni siri, na sheria ya ushahidi inailinda. Siri hiyo ina mpaka: haimlindi mteja anayetafuta msaada wa kutenda uhalifu. Siri ya kitubio haina mpaka wa namna hiyo, wala padre hawezi kuivunja kwa sababu yoyote. Ni vizuri frateri azijue tofauti hizi mapema, kwa kuwa waamini wengi huzichanganya.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada ya sheria ilimbidi avuke bahari. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam na wanafunzi wasiofika ishirini. Kilikuwa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu katika nchi yetu. Taifa lililokuwa linazaliwa lilitanguliza sheria, kwa kuwa lilihitaji watu wake wenyewe wa kutunga sheria, kuhukumu na kutetea. Miongoni mwa wanafunzi wale alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji na Waziri wa Sheria. Kanisa nalo limechukua sehemu yake: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza na Chuo Kikuu cha Ruaha kule Iringa vinafundisha sheria.

Padre hatakiwi kuwa wakili. Lakini Sheria ya Kanisa anayoisoma seminarini ina kanuni ya mwisho, ya 1752, inayokumbusha kwamba wokovu wa roho ndiyo sheria iliyo juu ya zote katika Kanisa. Mtu hawezi kuichunga roho ya mjane huku akipuuza kwamba nyumba yake inachukuliwa. Mtakatifu Ivo, padre wa Bretania aliyefariki mwaka 1303, aliwatetea maskini mahakamani bila malipo. Ndiyo maana mawakili humwita msimamizi wao, na sikukuu yake ni 19 Mei. Kwa wengi wetu inatosha kujua mpaka wa ujuzi wetu na mahali pa kumpeleka mwenye shida. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Kila parokia ingefaa kujua wanapatikana wapi katika eneo lake.

Tukirudi kwa mzazi na ada yake, tunamshauri asimpime mtoto kwa mdomo. Amwangalie kwa mambo mengine. Anaweza kukaa na kitabu kigumu saa mbili? Wadogo zake wakigombana, huwasikiliza wote kabla ya kuamua? Akisimuliwa jambo, hulirudia bila kuliongezea chumvi? Akiambiwa siri, huitunza? Akionyeshwa kwamba amekosea, hubadilika au hupaza sauti? Mtoto mwenye majibu mazuri kwa maswali hayo, hata akiwa mpole asiyesikika darasani, anafaa kusoma sheria. Na yule mwenye mdomo asikatishwe tamaa. Aambiwe tu mapema kwamba huko aendako ataanza kwa kufundishwa kusikiliza.