Fahamu: Kwa nini vita vya Sudan havizungumzwi sana?

Aprili 15, 2023, risasi zilianza kurindima Khartoum. Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi na Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti, wa kikosi cha wanamgambo cha RSF, walioipindua serikali pamoja mwaka 2021, walikuwa wamegeukana. Zaidi ya watu milioni 12 wakalazimika kuyahama makazi yao.

Mji wa El Fasher, Darfur, ulizingirwa kwa takriban miezi 18. Chakula kilipokwisha, watu walikula ambaz, mashudu ya karanga wanayolishwa mifugo. Oktoba 2025 RSF iliuteka, na mauaji ya raia yakafuata.

Mbona kimya? Waandishi wa habari hawaingii kirahisi, na mawasiliano hukatwa mara kwa mara. Hicho ni kisingizio nusu tu. Dhahabu ya Sudan ina wanunuzi, na Falme za Kiarabu, zinazotuhumiwa kuipa RSF silaha ingawa zinakanusha, ni rafiki wa wakubwa ambao wangeweza kuzibana.

Afrika Mashariki nayo haimo pembeni. Februari 2025, RSF na washirika wake walitia saini Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali ya Burhan ilijibu kwa kupiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo.