Jukwaa la shule lakipa Kimvita nafasi kinayoikosa darasani

KATIKA shule za upili za kisiwa cha Mombasa, mwanafunzi aliyelelewa Mji wa Kale huishi na lugha mbili zenye jina moja. Nyumbani husema mato, nti na mtele. Darasani hutakiwa kuandika macho, nchi na mchele, na akisahau, kalamu nyekundu ya mwalimu humkumbusha.

Hata hivyo, katika ratiba ya shule ipo nafasi ambapo maneno ya nyumbani hayahesabiwi kuwa makosa. Ni ule wakati wa Chama cha Kiswahili, baada ya masomo, wanafunzi wanapotunga mashairi, wanapoyaghani na kujiandaa kwa tamasha za muziki na drama. Aghalabu shughuli hizi huchukuliwa kuwa burudani ya kupumzisha akili. Kwa mwanafunzi wa Mvita, zina uzito zaidi ya huo.

Chanzo cha hali hii ni uamuzi uliofanywa Mombasa kwenyewe. Mwaka 1928, wajumbe kutoka nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza walikutana mjini humo ili kuchagua lahaja moja itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shuleni. Wamisionari waliokuwa wakifanya kazi Mombasa walipigania Kimvita, lakini Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, ndicho kilichochaguliwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha iliundwa kusimamia usanifishaji huo.

Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake. Kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kisumu, Tabora na Kampala, na leo mwalimu wa Kenya na mwenzake wa Tanzania wanaelewana bila mkalimani. Ila Kimvita, kilichokuwa na washairi wake mashuhuri karne nzima kabla ya mkutano huo, kilijikuta nje ya mlango wa darasa katika mji wake chenyewe.

Ushairi ndio uliokiachia dirisha wazi. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne hufunzwa kwamba mshairi ana idhini ya kukiuka kaida za lugha. Anaweza kufupisha neno, jambo liitwalo inkisari. Anaweza kulirefusha, yaani mazida. Anaweza kupangua mpangilio wa maneno, na anaweza kutumia msamiati wa lahaja au wa kale. Katika karatasi ya fasihi ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, mtahiniwa huulizwa mara kwa mara aeleze jinsi mshairi alivyoitumia idhini hiyo.

Tofauti ni kwamba mtihani humtaka mwanafunzi aitambue lahaja katika utungo wa mtu mwingine. Chama humruhusu aitumie katika utungo wake.

Faida yake huonekana mara tu kazi ya kutunga inapoanza. Shairi la tarbia, lenye mishororo minne katika kila ubeti, kwa kawaida huwa na mizani 16 katika kila mshororo, minane kabla ya kituo na minane baada yake. Vina vya kati na vya mwisho navyo sharti vilingane. Mtunzi anayejua Kiswahili sanifu pekee, akilitumia neno macho mwishoni, itambidi atafute maneno yanayoishia kwa -cho. Mtunzi wa Mvita ana njia ya pili: akisema mato, hufunguliwa mlango wa utoto, uzito na kito. Idadi ya mizani haibadiliki, bali hazina yake ya vina huongezeka maradufu.

Kwa hiyo lahaja ambayo katika insha humpunguzia mwanafunzi alama, katika shairi humpa uwezo ambao mwenzake wa bara hana budi kuutafuta kamusini.

Mji wenyewe hauna uhaba wa vielelezo. Muyaka bin Haji, aliyefariki takriban mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita kuhusu siasa, mapenzi, biashara na maisha ya jirani zake, na wataalamu humtaja miongoni mwa waliouvusha ushairi kutoka mambo ya dini pekee hadi barazani na sokoni. Tungo zake nyingi zilihifadhiwa vifuani mwa watu kabla ya Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Kilichoziokoa ni kughaniwa tena na tena.

Katika karne ya 20, Ahmed Nassir alichapisha diwani ya Malenga wa Mvita mwaka 1971. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa wa kisiasa. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Wote wawili hawakukificha Kimvita chao.

Jukwaa la shule limejengwa juu ya msingi uo huo wa kughani. Tamasha za muziki za Kenya, zilizoanza mwaka 1927, huwa na vitengo vya kukariri mashairi, ya mtu mmoja na ya kikundi. Tamasha za drama nazo zina mashairi, ngoma za ubunifu, masimulizi na michezo ya kuigiza. Washindi hupanda ngazi kutoka eneo dogo hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa. Waamuzi hutazama matamshi, sauti, mwendo na jinsi ujumbe unavyowafikia hadhira.

Hapa tena mtoto wa Mji wa Kale huja na mtaji. Wengi wao huhudhuria madrasa tangu utotoni, na huko hujifunza kuhifadhi kwa moyo, kudhibiti pumzi na kupandisha sauti mahali pake. Kasida na maulidi huwazoesha kuimba mbele ya watu. Madrasa hiyo hiyo, hata hivyo, hushindana na chama kwa saa za alasiri, na katika shule za kutwa wapo pia wanaowahi kivuko cha Likoni kurejea makwao. Mlezi wa chama asiyepanga mazoezi kwa kuzingatia hayo hubaki na viti vitupu.

Suala hili limepata uzito mpya kutokana na mabadiliko ya elimu. Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu, ambapo masomo yamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa mara ya kwanza muziki na maigizo yamepewa mkondo wake.

Lakini si shule zote zinazotoa mikondo yote mitatu. Shule ndogo, zisizo na walimu wala vifaa vya sanaa, zimepangiwa miwili, na wa sanaa ndio unaoachwa. Mwanafunzi wa huko ataweza kusoma Fasihi ya Kiswahili chini ya sayansi za jamii. Atauchambua ushairi, ila hatakuwa na somo la kumpandisha jukwaani. Kwake yeye, chama cha baada ya masomo kitabaki kuwa mahali pekee pa kutunga na kughani.

Chama hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji saa mbili kwa wiki ambazo hazitanyakuliwa na masomo ya ziada, mlezi anayeufahamu ushairi, na milango iliyo wazi kwa wazee wa mitaa ya Kibokoni na Kuze wanaokijua Kimvita kuliko kamusi yoyote. Shule inayozifuta saa hizo kwa kisingizio cha mtihani humnyima mwanafunzi nafasi ya kujua kwamba lugha ya mama yake ina kanuni, ina historia na ina washairi, na kwamba zamu ya kutunga sasa ni yake.