Kadi ya Michoro na Matumizi ya Uniti za LUKU

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Leo wapo wanaojipatia riziki kwa kuhariri video za harusi kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro. Kadi hiyo, inayochakata picha, mara nyingi ndiyo inayotumia umeme mwingi zaidi ndani ya kompyuta.

Kwa nini uniti hupotea?

Kiwandani, kadi hupangwa kufanya kazi karibu na kasi yake ya juu kabisa. Ili kuifikia, volti hupandishwa, na nguvu inayotumika huongezeka kwa mraba wa volti. Hivyo, nyongeza ndogo ya mwisho ya kasi hugharimu umeme mwingi.

Hatua za kufuata

1. Zima vifaa vingine. Andika uniti zinazoonekana kwenye mita, fanya kazi tano zinazofanana, kisha andika uniti zilizobaki na muda uliotumika.
2. Kwa kutumia programu ya kadi au MSI Afterburner, punguza ukomo wa nguvu kwa asilimia 10, kisha pima tena.
3. Rudia, kadiri kadi inavyoruhusu, hadi uniti kwa kila kazi zitakapoacha kupungua.

Pima kwa kazi, si kwa wati pekee. Mathalani, kompyuta ya wati 300 ikimaliza kazi kwa dakika 60 hutumia uniti 0.3. Ikishushwa hadi wati 240 na kumaliza kwa dakika 66, hutumia uniti 0.264. Kwa kazi 200, mtumiaji huokoa uniti 7.2, sawa na takriban Sh. 2,100 kwa bei ya Sh. 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Lakini kazi hiyo ikichukua dakika 90, itatumia uniti 0.36: hiyo ni hasara.

Tahadhari

Kushusha volti moja kwa moja kunaweza kuzima kompyuta ghafla. Hifadhi kazi kwanza. Aidha, marekebisho haya hayatibu umeme hafifu unaofika dukani. Tatizo hilo liripotiwe TANESCO. Lisipotatuliwa, mtumiaji ana haki ya kuwasilisha malalamiko EWURA.