Kaya Haina Idara

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia: misitu 10, iliyotawanyika kwenye kiasi cha kilomita 200 za pwani ya Kenya. Ni misitu kweli, yenye miti ya asili isiyoonekana tena kwenye mashamba ya jirani. Lakini iliandikishwa kama urithi wa utamaduni, si wa maumbile. Wanafunzi wapya wa uzamili wakifika, huwaanzia hapo. Nawauliza: ukitaka kuisoma kaya, utakwenda idara gani? Aliyesomea misitu hunyoosha mkono upesi. Wa historia humpinga. Wa sanaa hunyamaza, naye ndiye ninayemsubiri.

Kaya zilikuwa vijiji vyenye boma, vilivyojengwa katikati ya msitu kuanzia karne ya 16. Watu walihama kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 zikawa mahame. Msitu uliokuwa kinga dhidi ya adui ukabaki kuyalinda makaburi, pamoja na fingo, kago lililozikwa ardhini kuihifadhi kaya. Wazee wakaendelea kukataza watu kukata miti. Kwa hiyo mtaalamu wa mimea anapohesabu spishi adimu ndani ya kaya, anahesabu pia vizazi vya watu walioshika mwiko. Mwiko ukilegea, orodha yake hupungua.

Maarifa tuliyo nayo yalikuja vipande vipande. Thomas Spear alikusanya masimulizi ya wazee, akachapisha historia ya kaya mwaka 1978. Ann Robertson na Quentin Luke wakapita kaya baada ya kaya wakiorodhesha mimea. Kazi zote mbili ni nzuri, na bado nazitumia darasani. Ila anayeanza uzamili leo hatakiwi kuchagua moja ya kuifuata na kuiacha nyingine.

Tazama yanayompata akifika Kaya Kinondo, msitu wa hekta 30 hivi karibu na Diani. Kabla ya kuingia anafungwa kaniki nyeusi kiunoni, anavua kofia, anaambiwa asitoke na kitu, hata jani. Hapo mbinu aliyofundishwa imekwama, maana elimu ya mimea hudai ushahidi mkononi: tawi lenye ua au tunda, libanwe katikati ya magazeti, likaushwe, lipewe namba. Itambidi akae na wazee, aeleze anachotaka na sababu yake, akubali kusubiri, na pengine akubali kukataliwa. Akisubiri vizuri atasikia jina la mti kwa Kidigo, lugha ya wenyeji, na ndani ya jina atakuta dawa, au tukio, au onyo. Swali aliloondoka nalo chuoni, kwamba kuna miti mingapi, litakuwa limegeuka: kwa nini huu umeachwa na ule umekatwa? Kwangu mimi taaluma mtambuka huanzia hapo, pale fani moja inapoilazimisha nyingine kubadili swali.

Sasa nimrudie yule wa sanaa. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, huwachongea kigango wazee waliokuwa wa chama cha Gohu. Ni nguzo ndefu ya mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, imekatwa pembetatu ndogo ndogo kwa mistari, juu ina kichwa, na hufungwa vitambaa. Husimikwa nyumbani kwa marehemu, na familia ikihama huachwa pale pale. Asiyejua huona sanamu iliyotelekezwa. Wafanyabiashara waliona bidhaa, na vigango vingi vikaibwa na kuuzwa ng'ambo.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanataaluma Marekani, Udvardy alikiona kimoja kwenye picha za mwenzake, Linda Giles, aliyekuwa akichunguza mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois. Cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Cha Illinois kilirudishwa kwa familia mwaka 2007. Ushahidi ulikuwa picha ya mtafiti wa utamaduni na jicho lililozoea kusoma mikato ya nguzo. Aliyejua jambo moja tu asingekitambua.

Tangu hapo siwaruhusu wanafunzi wangu kuchapisha vipimo vya GPS vya mahali vigango viliposimama. Wasimamizi wa jiografia hulalamika, na nawaelewa, kwa sababu data isiyoonyeshwa haiwezi kukaguliwa. Lakini ramani sahihi mno ni msaada kwa mwizi. Tunakubaliana: ramani kamili inabaki kwa wazee, na tasnifu inabeba kaunti tu.

Kuna kazi moja inayomsubiri mtu. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, vikawasili Kenya mwaka 2019. Waliovinunua na kuviuza hawakuandika vilichukuliwa nyumbani kwa nani. Kuzitafuta familia zake kutahitaji mtu awezaye kuutambua mti uliochongwa na kule unakoota, kuulinganisha mkono wa fundi mmoja na wa mwingine, na kukaa barazani siku nyingi akisikiliza nasaba kwa Kigiriama. Akizipata, bado atawakuta wahifadhi wa makumbusho, waliozoea kupulizia dawa ya wadudu ili kitu kidumu, na familia zinazotaka nguzo yao irudi udongoni, iozee pale pale iliposimikwa.