Kadi ya Manjano Isiyo ya Refa

Ukitajiwa kadi ya manjano bila shaka mawazo yako yatakimbilia uwanjani, kwa refa na mchezaji aliyempiga mwenzake ngwala. La hasha! Kadi ninayotaka kukueleza haina kipenga. Ni ya Uingereza, na huandikwa pale dawa inaposhukiwa kumdhuru mgonjwa. Tena hii ndiyo kongwe. Marefa walianza kutoa kadi za manjano katika Kombe la Dunia la 1970 kule Meksiko, ilhali hii ya dawa ilikuwako tangu mwaka wa 1964.

Ilizaliwa na msiba. Mwaka wa 1957 kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi. Mwaka uliofuata ikafika Uingereza kwa jina la Distaval. Akina mama wajawazito waliimeza kwa wingi maana ilituliza kichefuchefu cha asubuhi. Ilisifiwa kwamba haina neno kabisa, hata huko Ujerumani ikawa inauzwa bila cheti cha daktari. Halafu watoto wakaanza kuzaliwa bila mikono, wengine viganja vimeota begani, wengine bila miguu. Duniani kote watoto hao walipita 10,000.

Hapa ndipo mimi huumia nikisoma habari hii. Si kwamba madaktari hawakuona. Waliona! Lakini huyu aliona mtoto mmoja katika mji wake, yule akaona mmoja katika mji mwingine, na kila mmoja akasema moyoni, basi, ni kudura ya Mungu, au pengine ni mambo ya ukoo. Hapakuwa na mahali pa kupeleka habari ili zikusanywe pamoja. Ilibidi kungoja hadi mwishoni mwa 1961, wakati Widukind Lenz wa Hamburg na William McBride wa Australia, kila mtu kwa njia yake, walipoinyoshea dawa hiyo kidole. Ndipo ikaondolewa madukani, Ujerumani mwezi wa Novemba na Uingereza mwezi wa Desemba. Ilikuwa imeuzwa kwa miaka minne.

Waingereza walishtuka. Kumbe wakati huo nchi yao haikuwa na sheria ya kumlazimisha mwenye dawa kuthibitisha usalama wake kabla ya kuiuza! Mwaka wa 1963 wakaunda Kamati ya Usalama wa Dawa chini ya Sir Derrick Dunlop, na mwaka wa 1964 kadi zikatumwa kwa madaktari wote. Ombi lenyewe lilikuwa fupi: ukishuku, andika. Hawakuambiwa walete ushahidi. Ati ungoje mpaka uwe na hakika? Wale wa thalidomaidi walingoja.

Lakini hebu tujiulize, si dawa hupimwa kwanza? Naam, hupimwa, na sheria ya 1968 ilikaza kamba zaidi. Ila hesabu haidanganyi. Tuseme dawa imejaribiwa kwa watu 3,000, na madhara yake humpata mtu 1 katika kila 10,000. Yamkini hakuna hata mmoja wa wale 3,000 atakayeguswa. Fauka ya hayo, wajawazito, watoto na wazee dhaifu aghalabu hawaingizwi katika majaribio hayo. Kwa hivyo dawa mpya ikifika dukani bado inachunguzwa. Kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti huchorwa pembetatu nyeusi iliyopinduliwa, kumwambia daktari na mgonjwa kwamba hii waiandikie hata jambo dogo.

Usidhani kadi hiyo ni mganga wa kila kitu. Miaka ya sabini ilitokea dawa ya moyo iitwayo praktololi, ambayo ilikausha macho ya wagonjwa na wengine wakapofuka. Kadi zilikuwako, wino ulikuwako, lakini nani angewaza kwamba dawa ya moyo ndiyo inayoharibu jicho? Madaktari wachache walipochapisha habari hizo, mwaka wa 1974 na 1975, ndipo kadi zikamiminika kama mvua ya masika, za wagonjwa walioumia zamani. Mwaka wa 1975 ikaondolewa katika matumizi ya kawaida.

Siku hizi kadi hupokewa na idara iitwayo MHRA, na mtu anaweza kuituma kwa intaneti. Jambo lililonishangaza ni kwamba daktari wa Uingereza halazimishwi na sheria kuandika. Ni wajibu wa kazi yake tu. Kampuni ndiyo iliyofungwa: madhara makubwa iyaripoti kabla siku 15 hazijaisha, madogo siku 90, na iwe na mtu maalumu wa kujibu maswali hayo. Isipofanya hivyo ni kosa la jinai. Kwa maoni yangu mgawanyo huo una busara, kwani kampuni ina faida ya kulinda, daktari hana. Lakini hasara yake ni kimya. Wenyewe wanakisia kwamba katika madhara makubwa ni kama sehemu moja tu ya kumi inayoripotiwa.

Labda ndiyo sababu mlango ulifunguliwa kidogo kidogo, wafamasia, kisha wauguzi, na kuanzia 2005 wagonjwa wenyewe. Kadi inadai mambo manne tu: mgonjwa (umri na jinsia vyatosha, si lazima jina), dawa inayoshukiwa, kilichotokea, na anayeripoti. Kadi moja haihukumu dawa. Zikirundikana zenye kufanana ndipo wataalamu huketi, wakapunguza kipimo, wakaongeza onyo au wakaipiga marufuku. Mwaka wa 2021 ripoti kama hizo zilionyesha kwamba chanjo ya AstraZeneca, ile ambayo hata huku kwetu watu wengi walidungwa, iligandisha damu kwa watu wachache sana. Tarehe 7 Aprili Uingereza ikashauri walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine ikipatikana.

Sisi huku, dawa ikimwasha mtu mwili mzima husema, "Aa, hiyo imenikataa," anaitupa, na habari inaishia jikoni. Kumbe tangu 2009 Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya ina fomu ya kuripoti jambo hilo hilo, ya kujazwa katika hospitali na maduka ya dawa. Nayo pia ni ya manjano.