Sadaka ya Noeli na Moto wa Mbabula

Rumangabo ni kijiji cha wilaya ya Rutshuru, kaskazini ya mji wa Goma, katika Kivu, mashariki ya Kongo, mwendo wa kilomita zinazokaribia 50, na sifa yake imefika mbali kuliko ukubwa wake kwa sababu ya kambi ya askari iliyogombaniwa mara kadhaa, na kwa sababu ya makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoasisiwa mwaka 1925, ambayo hakuna hifadhi ya taifa iliyoitangulia katika bara la Afrika. Barabara ipitayo hapo ni mojawapo ya zilishazo Goma, na majira ya Noeli yanapowadia, kila amani inapojalia, hupitisha viazi, maharagwe, kuku na mbuzi; kadhalika hupitisha magunia ya makala, yaani makaa ya miti, kwani karamu haiivi bila moto, na moto wa aghalabu ya nyumba za Goma ni makala.

Ukarimu wa watu wa Kivu hauhitaji kufundishwa na mtu. Katika miaka ya vita, familia zisizo na ziada zimepokea wakimbizi wasiokuwa ndugu zao, wakala sahani moja na kulala chini ya dari moja, na siku ya Noeli sufuria iliyotosha watu sita huongezwa maji ili itoshe kumi na wawili. Lakini ukarimu huo una gharama isiyotajwa mezani, nayo hulipwa msituni. Mchoma makala hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiacha iungue polepole kwa siku kadhaa. Na kwa njia hiyo ya kale, kilo moja ya makala huweza kugharimu kilo tano hata kumi za mti. Sehemu kubwa ya miti hiyo imetoka ndani ya hifadhi, katika biashara ambayo watu wenye bunduki wamejipatia humo riziki nono. Mwaka 2007 sokwe wakubwa wa milimani waliuawa kwa risasi, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara ya makala. Miongoni mwao alikuwamo dume aitwaye Senkwekwe, ambaye jina lake limepewa kituo cha sokwe mayatima kilichopo Rumangabo. Humo ndimo alimolelewa Ndakasi, sokwe aliyeokotwa mwaka huohuo angali mchanga, akiwa ameung'ang'ania mwili wa mama yake, naye akafa mwaka 2021 mikononi mwa mlezi wake.

Je, lawama ya msitu huo, na ya joto la dunia linalopanda, imwangukie mama wa Goma anayenunua makala ya kupikia siku moja? Hasha. Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mkongomani mmoja hatoi kwa mwaka hata sehemu moja ya kumi ya tani ya hewa ya ukaa, ilhali wastani wa dunia unakaribia tani 5, na wa Marekani hupita tani 13. Ni kweli kwamba hesabu hiyo haikutia ndani miti inayokatwa, na huko ndiko Kongo inakotoa moshi wake mwingi. Hata hivyo, kumwambia fukara ajinyime moto ili dunia ipoe, wakati mwenye magari matatu hajaambiwa neno, ni dhuluma iliyovikwa joho la nasaha. Wajibu uanze kwa mwenye uwezo, awe wa Ulaya au wa mtaa huohuo wa Goma.

Na mwenye uwezo analo la kutenda. Desemba 2015, katika wilaya hiyohiyo ya Rutshuru, ulizinduliwa mtambo wa Matebe, utoao umeme wa takriban megawati 13 kwa nguvu ya maji ya mto, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka katika wakfu wa Howard G. Buffett wa Marekani. Nami sioni haya kuuita sadaka, ijapokuwa haukufungwa kwa karatasi ya rangi. Upungufu ni kwamba waya ukipita juu ya nyumba hauiingii wenyewe: lazima ilipwe mita, utandazwe waya wa ndani, linunuliwe jiko la umeme, na asiye na kitu huishia kuwasha taa tu, akiendelea kupika kwa makala. Kwa nyumba ambazo umeme haujazifikia ipo mbabula, yaani jiko la makala, iliyotiwa udongo wa kuchomwa ndani, isiyoachia upepo joto kama ile ya bati tupu, na ambayo huweza kupunguza makala kwa theluthi au zaidi. Mwaka 2007 ulianzishwa pia mradi wa EcoMakala, wa shirika la WWF, ambamo wakulima wanaoizunguka hifadhi walipanda miti katika mashamba yao wenyewe ili makala yapatikane pasipo kuugusa msitu.

Basi, wewe uliyejaliwa mshahara, uliyezoea kupeleka kreti ya soda na kitenge kwa shangazi kila Noeli, peleka mwaka huu mbabula ya udongo, au umlipie mita ya umeme kama waya umekwisha kufika mtaani kwake. Shangazi hatakasirika, mradi kuku naye asisahauliwe.